Kabla ya Kuvuka Bahari: Mahali pa Kusomea Elimu ya Fedha

(Hotuba iliyosomwa na Halmashauri ya Mfuko wa Akiba mbele ya mkutano wa wanachama. Imepigwa chapa hapa kwa ombi la wale ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Tumeagizwa kusema nanyi juu ya jambo ambalo limefika mezani petu mara nyingi kuliko jambo lingine lo lote. Mwanachama ataka kwenda ng'ambo kusoma elimu ya fedha. Auliza aende nchi gani, aingie chuo gani, na je, Mfuko wetu utamkopesha? Sisi tunaosema si mabingwa wa elimu hiyo. Tu makarani kama ninyi, tuliowekwa kuulinda Mfuko. Na haya tutakayoyasema, mengine tumeyapata kwa kusoma masharti ya vyuo na ya serikali za huko, na mengine tumeyapata kwa kukosea. Twaomba ruhusa yenu tuanze na kosa.

Miaka kadhaa iliyopita mwenzetu mmoja, mtu wa bidii na mwenye daftari safi, alitujia na barua ya kukubaliwa katika chuo kimoja cha ng'ambo. Barua ilikuwa nzuri, yenye muhuri wa rangi ya dhahabu. Tukampigia makofi. Tukamkopesha shilingi 300,000 kutoka katika Mfuko, na baba yake akaweka rehani shamba la minazi ili fedha zilizosalia zipatikane. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza chuo hicho kimetambuliwa na nani, wala kwa nini yule wakala aliyeileta barua hakudai ujira wo wote kwa mwenzetu. Basi alikwenda, akasoma, akafaulu, akarudi. Alipoipeleka shahada yake ili afikiriwe kupandishwa cheo, akajibiwa kwamba haiwezi kukubaliwa hapa kwetu, kwani chuo kilichoitoa hakikuwa na idhini ya kutoa shahada hata katika nchi yake chenyewe. Leo yungali katika meza ile ile aliyoiacha, na kila mwisho wa mwezi mshahara wake hukatwa.

Yeye mwenyewe ametupa ruhusa tuyasimulie haya, kwa sharti jina lake lisitajwe. Nasi twasema wazi mbele yenu kwamba kosa lile si lake peke yake. Yeye alikuwa na haraka ya kujiendeleza, jambo ambalo si aibu. Sisi tulikuwa walinzi wa fedha zenu, na tulitia sahihi bila kuuliza. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari; nasi daftari tulikuwa nalo, ila hatukulifungua.

Tangu siku ile tumejifunza kuuliza, na maswali yetu tumeyapanga kama ifuatavyo.

Swali la kwanza si nchi gani, bali ni elimu gani. Neno hili "fedha" limekusanya kazi nyingi zisizofanana. Ziko fedha za umma, yaani bajeti, kodi, deni la taifa na ukaguzi wa matumizi. Ziko fedha za makampuni, yaani namna ya kupata mtaji na kuutumia. Yako masoko ya hisa na ya hati za dhamana. Iko kazi ya benki, iko bima na hisabati zake, na uko uhasibu, ambao ni jamaa wa karibu wa hayo yote. Hapa kwetu Kenya, tangu mwaka 2013, kila moja ya kaunti 47 ina hazina yake, nazo zote zafungwa na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012. Karani wa hazina hizo anayetaka kuwa mkuu wa bajeti, akitumia mwaka mzima kujifunza kupima bei za mikataba ya masoko ya London, atarudi na elimu njema isiyokuwa na meza ya kufanyia kazi. Kinyume chake, mwenye nia ya kuingia katika kazi ya uwekezaji asiende kusoma utawala wa fedha za umma kwa sababu tu ada yake ilikuwa nafuu.

Na kabla hatujaliacha swali hili, tukumbushane kwamba si kila elimu ya fedha inadai bahari ivukwe. Mitihani ya uhasibu ya KASNEB, baraza lililoanzishwa mwaka 1969, hufanywa hapa hapa. Mitihani ya ACCA, chama cha wahasibu kilichozaliwa London mwaka 1904, mtu huweza kuisoma jioni baada ya kazi. Kadhalika ile ya CFA ya Marekani, ambayo mtihani wake wa kwanza ulifanywa mwaka 1963, na ambayo ina daraja tatu, husomwa nyumbani bila kuacha mshahara. Mtu aliyekwisha kupita daraja moja ya mitihani hiyo anajijua kama aipenda kazi hii au aipenda safari tu.

Swali la pili: shahada hiyo itatambuliwa? Hapa ndipo tulipoanguka. Kwetu mwenye kazi ya kutambua shahada za vyuo vikuu vya nje ni Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, iliyowekwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012. Aulizwe kabla ya ada kulipwa, si baada ya kurudi. Tena chuo kipimwe kwao. Serikali ya Uingereza huchapisha orodha ya vyuo vyenye idhini ya kutoa shahada, na orodha nyingine ya vyuo vyenye leseni ya kupokea wanafunzi wageni. Chuo kisichokuwamo katika zote mbili, tusipoteze stempu kukiandikia. Marekani wana mabaraza ya ithibati, na Wizara yao ya Elimu huonyesha vyuo vilivyothibitishwa.

Juu ya mawakala twasema neno moja. Wakala asiyemdai mwanafunzi ujira kwa kawaida hulipwa na chuo, fungu katika ada ya kila mwanafunzi aliyempeleka. Hilo si haramu, na wako wenye kufanya kazi yao kwa uaminifu. Lakini mtu alipwaye na muuzaji si mshauri wa mnunuzi. Tusikilize asemayo, kisha tukaulize penginepo.

Swali la tatu ni gharama, na hapa twaomba uvumilivu wenu, maana hesabu huchosha, lakini haichoshi kama deni.

Chukueni mfano wa karani anayepokea mkononi shilingi 60,000 kwa mwezi. Kwanza na achague shahada ya pili ya fedha katika mji wa London. Ada katika vyuo vinavyosifika zaidi mjini humo hupita pauni 40,000 kwa masomo ya mwaka mmoja. Sisi tuziandike 40,000 kamili. Mbali na ada, tangu Novemba 2025 Serikali ya Uingereza humtaka mwanafunzi wa London aonyeshe pauni 1,529 za matumizi kwa kila mwezi hadi miezi 9, yaani pauni 13,761, nazo ziwe zimekaa katika benki siku 28 mfululizo. Jumla ni pauni 53,761. Tukikadiria pauni moja kwa shilingi 170, ni shilingi 9,139,370. Hapo hatujaandika nauli, wala ada ya viza, wala cheti cha kupimwa kifua kikuu, wala mchango wa matibabu ambao tangu Februari 2024 ni pauni 776 kwa mwaka. Karani wetu, asipokula wala kulipa kodi ya nyumba, ataijaza jumla ile kwa miezi 152 hivi, nayo ni zaidi ya miaka 12 na nusu.

Karani huyo huyo akitoka London akaenda mji mwingine wa Uingereza, kiasi cha matumizi atakachotakiwa kuonyesha hushuka hadi pauni 1,171 kwa mwezi. Kwa miezi 9 ameokoa pauni 3,222 kabla hajagusa ada. Na ada yenyewe, katika vyuo vingi vizuri vya nje ya mji mkuu, huweza kuwa nusu ya ile ya kwanza. Wala hajatoka katika nchi ile ile.

Sasa na achague Ujerumani. Vyuo vikuu vya serikali katika majimbo mengi ya huko havitozi ada ya masomo, hata kwa mgeni. Hutoza mchango wa muhula tu, ambao kwa kawaida haupiti yuro mia chache. Lakini hakuna sheria moja kwa wote. Jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wageni wasio wa Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kwa muhula tangu mwaka 2017, na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich kilianza kuwatoza ada mwaka 2024. Vyuo vya watu binafsi navyo vina bei zao. Sharti kubwa la Ujerumani ni akaunti maalumu: tangu Septemba 2024 mwanafunzi huweka humo yuro 11,904 kwa mwaka, naye huruhusiwa kutoa yuro 992 kwa mwezi. Fedha hizo ni zake mwenyewe, za kula na kulala, chuo hakizichukui. Shahada ya pili huko huchukua miaka 2, basi jumla ni yuro 23,808, nazo kwa shilingi 150 kwa yuro ni shilingi 3,571,200.

Walakini haki ya hesabu ni kuandika pande zote mbili. Aendaye Ujerumani hupoteza mshahara wa miaka 2, shilingi 1,440,000, kama likizo yake haina malipo. Aendaye Uingereza hupoteza wa mwaka mmoja, shilingi 720,000. Tukizijumlisha, London imefika shilingi 9,859,370, na Ujerumani 5,011,200. Tofauti ni kubwa, lakini mbele yake pana vizuizi vitatu ambavyo havionekani katika tarakimu. Cha kwanza, vyuo vya Ujerumani hutazama masomo ya shahada ya kwanza moja baada ya jingine. Aliyesoma ualimu au historia, bila uchumi na hisabati za kutosha, huenda akakataliwa ingawa alifaulu vema. Cha pili, aliyepita miaka 30 haingii kwa kawaida katika bima ya matibabu ya wanafunzi yenye bei nafuu, na wengi wetu tumeipita. Cha tatu ni lugha. Yako masomo ya fedha kwa Kiingereza, kama yale ya Chuo Kikuu cha Goethe mjini Frankfurt, mji wenye Benki Kuu ya Ulaya. Lakini atakaye kazi mle baada ya kusoma hana budi kujifunza Kijerumani.

Juu ya Marekani tutasema kwa ufupi. Vyuo ni vingi na baadhi vina fedha nyingi za kusaidia, na mwenye shahada huruhusiwa kufanya kazi ya mazoezi kwa miezi 12. Ikiwa somo lake limeandikwa katika orodha yao ya sayansi na hisabati, huweza kuongezewa miezi 24. Basi huko jina la somo ni jambo la kuangaliwa sana: hisabati za fedha zimo katika orodha, ilhali shahada ya fedha ya kawaida haimo. Lakini tangu mwaka 2025 masharti ya kuingia nchi ile yamegeuzwa mara kwa mara, na raia wa nchi kadhaa za Afrika wamebanwa au kufungiwa mlango. Asiweke mtu rehani shamba kwa ajili ya mlango ambao hajui kama utakuwa wazi siku atakayoufikia.

Swali la nne ni thamani ya shilingi, nalo husahauliwa na wengi, hata na watu wanaokwenda kusomea fedha. Mshahara wetu ni shilingi. Ada ni dola, pauni au yuro. Mwanzo wa mwaka 2021 dola moja ilinunuliwa kwa shilingi 110 hivi. Mwezi wa Januari 2024 ilifika 160 hivi, kisha katika mwaka huo huo ikashuka hadi 130 hivi. Mwenye kudaiwa dola 10,000 angelihitaji shilingi 1,100,000 katika wakati wa kwanza, na 1,600,000 katika wakati wa pili. Nusu milioni imeongezeka, na chuo hakikupandisha ada hata senti moja. Kwa hiyo ombi lo lote la mkopo lionyeshe jinsi mwombaji atakavyolipa ikiwa shilingi itashuka thamani kwa robo.

Swali la tano: baada ya masomo, je? Wako watakao kurudi, na wako watakao kukaa kidogo wapate ujuzi na kulipa deni. Hatumlaumu mtu. Lakini asiyapange maisha yake juu ya sheria ya leo kana kwamba imechongwa katika jiwe. Uingereza ilikuwa na ruhusa ya kazi kwa waliohitimu, ikaifunga Aprili 2012. Ikaifungua tena kwa namna nyingine Julai 2021, kwa miaka 2. Kisha ikatangaza kwamba watakaoomba kuanzia tarehe 1 Januari 2027 watapewa miezi 18, isipokuwa wenye shahada ya udaktari. Ujerumani kwa sheria yao hutoa miezi 18 ya kutafuta kazi. Tena mwenye mume au mke na watoto ajue kwamba wanaoanza masomo Uingereza tangu Januari 2024, isipokuwa wa utafiti na wenye kulipiwa na serikali, hawaruhusiwi kwenda na jamaa zao.

Liko na jambo la majira. Masomo ya mwaka mmoja huanza Septemba au Oktoba, na mabenki makubwa hufungua maombi ya kazi za mwaka unaofuata majira hayo hayo, au hata kabla. Mgeni aliyeshuka juzi, ambaye bado hajajua njia ya kwenda maktaba, hujikuta anashindana na wenyeji waliojiandaa tangu mwaka wa jana. Atakaye kazi hizo na aandike barua zake kabla hajafunga sanduku, ama achague masomo ya miaka 2.

Swali la sita, ambalo wengi huliuliza mwisho na lingefaa kuulizwa mwanzo: je, liko fungu la msaada? Mtumishi wa Serikali mwenye miaka ya kazi ana kitu ambacho kijana aliyetoka chuoni jana hana. Msaada wa Chevening wa Uingereza, ulioanza mwaka 1983, wadai mwombaji awe na saa 2,800 za kazi, kisha arudi kwao kwa miaka 2. Shirika la Kijerumani la DAAD lina msaada kwa masomo ya maendeleo, nalo lataka miaka 2 ya kazi, na kwa kawaida shahada isiyozidi miaka 6. Misaada ya Jumuiya ya Madola, iliyoanzishwa mwaka 1959, nayo huwatazama watu wa nchi kama zetu. Ile miaka ya kukaa mezani, tuliyoidhani imetupitia bure, huko ndiyo sifa. Lakini angalieni ile miaka 6 ya DAAD: anayengoja mpaka watoto wakue huenda akaukuta wakati wake umepita.

Bwana Mwenyekiti, mmoja wa watu waliotangulia katika vyama kama hiki chetu, Martin Kayamba, aliyeanzisha chama cha watumishi Waafrika wa Serikali mjini Tanga mwaka 1922, alikwenda London mwaka 1931 kutoa ushahidi mbele ya Kamati ya Bunge la Uingereza. Hakwenda kusoma, wala hatumtaji kwa sababu hiyo. Twamtaja kwa sababu alijua amekwenda kwa shauri gani, na aliporudi aliandika kitabu cha habari ya aliyoyaona na kuyafanya, ili wenzake wanufaike. Tungependa kila mwanachama aendaye ng'ambo awe hivyo: ajue shauri lake kabla ya kuondoka, na akirudi atuandikie katika kurasa hizi.

Sasa tumefika mwisho, nasi tuna maombi mawili kwa mkutano huu.

La kwanza ni kwamba tangu leo Mfuko usimkopeshe mtu kwa ajili ya masomo ya ng'ambo mpaka alete karatasi moja yenye majibu ya maswali haya sita, kwa mkono wake mwenyewe, pamoja na jibu la Tume juu ya chuo anachokitaka. Hatutafuti kumzuia mtu. Twataka aondokaye aondoke na baraka zetu na macho yake yakiwa wazi.

La pili ni juu ya mwenzetu yule. Mtaji wa deni lake atalipa. Amesema hivyo, nasi hatuna shaka naye. Lakini twaomba faida iliyosalia juu ya deni lile ifutwe, kwa kuwa sisi nasi tulitia sahihi. Tumekwisha kumwomba awe mmoja wa watakaozisoma karatasi za waombaji, naye amekubali. Katika chama hiki hakuna anayeyajua maswali haya kuliko yeye.

Tumewaeleza. Uamuzi ni wenu.